Mkopo wa Katse, Bili ya Soweto

Mkopo wa masharti nafuu hutofautiana na mkopo wa kawaida kwa mambo matatu. Riba yake iko chini ya ile ya soko, muda wa kuulipa ni mrefu, na mkopaji hupewa miaka kadhaa ya kupumua kabla ya kuanza kurejesha deni lenyewe. Kipimo kinachotumiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa ni hiki: malipo yote ya miaka ijayo hukusanywa na kukokotolewa thamani yake ya leo kwa kiwango cha asilimia 5 kwa mwaka. Thamani hiyo ikiwa pungufu ya fedha zilizokopwa kwa asilimia 35 au zaidi, mkopo unahesabiwa kuwa nafuu, kwa maana kwamba zaidi ya theluthi yake ni sawa na zawadi. Mikopo ya kawaida ya IDA, tawi la Benki ya Dunia linalohudumia nchi maskini, hulipwa kwa miaka 38, sita ya mwanzo bila kugusa deni lenyewe, kwa ada ya asilimia 0.75 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho zawadi iliyomo humo inapita nusu ya mkopo.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu mikopo hii kwa sura zake tofauti. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba yoyote, wa kulipwa kwa miaka 30. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilikopewa fedha na Benki ya Exim ya China mwaka 2014 kwa mafungu mawili yanayokaribiana ukubwa. Dola bilioni 1.6 zilikuwa za masharti nafuu, kwa riba ya asilimia 2. Fungu la pili lilikuwa la kibiashara, na riba yake ilipanda na kushuka na soko la London. Kwenye hotuba za kisiasa mafungu hayo mawili huitwa kwa jina moja tu, "mkopo wa China", na hapo ndipo hesabu ya wananchi huanza kupotea.

Afrika Kusini ina hali ya peke yake. Imeorodheshwa kama nchi ya kipato cha kati cha juu, hivyo haina haki ya kukopa IDA. Badala yake yenyewe huchangia mfuko huo. Inachoweza kupata Washington ni mikopo ya IBRD, tawi la Benki ya Dunia linalokopa kwa bei rahisi katika masoko ya dunia kwa sababu ya sifa yake kubwa, kisha kukopesha kwa nyongeza ndogo. Hiyo si zawadi, lakini ni rahisi kuliko dhamana ambazo Pretoria ingeuza yenyewe. Zaidi ya hapo ziko benki za maendeleo za Ulaya, Benki ya Maendeleo ya Afrika, na siku hizi benki ya nchi za BRICS.

Soweto yenyewe haikopi. Ni sehemu ya Jiji la Johannesburg, yenye wakazi zaidi ya milioni 1.2 kwa sensa ya mwaka 2011. Maji yake hutoka kwa kampuni ya jiji, Johannesburg Water, inayoyanunua kwa jumla kutoka Rand Water, na umeme wa sehemu kubwa ya vitongoji vyake huletwa moja kwa moja na Eskom, shirika la taifa. Mikataba hutiwa saini Maseru, Pretoria, Washington au Abidjan, na marejesho huishia kwenye bili na mita za vitongoji vya Orlando, Phiri na Diepkloof. Kwa kuifuata njia hiyo, kuanzia kwenye saini hadi kwenye mita, unafuu wa mkopo huonekana ulivyo hasa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa maji. Johannesburg haikujengwa kando ya mto mkubwa bali juu ya dhahabu, kwenye mgongo wa nchi ulio karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Maji yake hupandishwa kwa pampu kutoka mto Vaal, ulio kusini na chini zaidi, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa wazi kwamba Vaal peke yake hautatosha. Maji mengi yaliyo karibu yalikuwa katika milima ya Lesotho, juu ya mita 2,000, yakitiririka kusini kuingia mto Orange na kwenda zake hadi Atlantiki. Wazo la kuyageuza kaskazini lilikuwa la miaka mingi. Lililokosekana lilikuwa makubaliano, na fedha.

Makubaliano yalipatikana katika mazingira ambayo hayasemwi sana siku ya kuzindua bwawa. Januari 1986, baada ya Afrika Kusini kuifungia Lesotho mipaka, serikali ya Leabua Jonathan ilipinduliwa na jeshi chini ya Justin Lekhanya. Miezi tisa baadaye, tarehe 24 Oktoba 1986, mkataba wa Mradi wa Maji wa Nyanda za Juu za Lesotho ulitiwa saini. Afrika Kusini ilikubali kugharimia kazi yote ya kupeleka maji kwake na kuilipa Lesotho mrabaha, na Lesotho ikabaki na gharama za kituo cha umeme cha Muela, chenye uwezo wa megawati 72. Mrabaha ulitokana na fedha ambazo Afrika Kusini ingeokoa kwa kutojenga mradi mbadala wa kusukuma maji kutoka mto Orange. Asilimia 56 ya akiba hiyo ikawa ya Lesotho.

Fedha zilikuwa ngumu zaidi. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umesimamisha malipo ya madeni yake ya nje mwaka 1985, baada ya benki za kimataifa kukataa kuyaongezea muda, na Oktoba hiyohiyo ya 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya vikwazo. Hakuna mkopeshaji wa umma aliyetaka kuonekana akiikopesha Pretoria. Njia iliyopatikana ilikuwa kuiweka Lesotho mbele kama mkopaji, na malipo ya Afrika Kusini yakapitishwa kwenye mfuko wa amana ulioundwa Uingereza. Hivyo nchi ndogo na maskini, yenye haki ya kupata mikopo nafuu, ikabeba kwenye makaratasi deni la kupeleka maji kwa jirani yake tajiri.

Benki ya Dunia ilianza mwaka 1986 kwa mkopo wa IDA wa karibu dola milioni 10 kwa ajili ya usanifu, kisha mwaka 1991 ikatoa dola milioni 110 kwa ajili ya awamu ya kwanza. Kwa mradi ulioishia kugharimu zaidi ya dola bilioni 2 katika awamu hiyo, fedha hizo ni haba, hazifiki hata asilimia 6. Thamani yake ilikuwa mahali pengine. Benki ya Dunia ikishaingia, mashirika ya mikopo ya mauzo ya nje ya Ulaya, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, Benki ya Maendeleo ya Afrika na benki za kibiashara hupata ujasiri wa kuingia nyuma yake. Wenye miradi wanalijua hilo vizuri. Mara nyingi mkopo mdogo wa masharti nafuu hutafutwa kwa sababu ya milango inayoufuata. Na wanaoingia kwa milango hiyo hawakopeshi kwa asilimia 0.75.

Bwawa la Katse lilijengwa kwa zege, urefu wake kwenda juu ni mita 185, na lilizinduliwa Januari 1998 na Rais Nelson Mandela pamoja na Mfalme Letsie III. Maji yake hayahitaji pampu. Hushuka ndani ya handaki la kilomita 45 hadi Muela, yakazungusha mitambo ya umeme, halafu yakapita handaki jingine la kilomita 37 chini ya mpaka hadi mto Ash karibu na mji wa Clarens. Kutoka hapo hufuata mito ya Liebenbergsvlei na Wilge hadi Bwawa la Vaal. Bwawa la Mohale liliongezwa katika sehemu ya pili ya awamu hiyo ya kwanza na kuzinduliwa mwaka 2004, na mfumo mzima ukawa unapeleka meta za ujazo kama milioni 780 kwa mwaka. Mafundi wanaposhuka kukarabati handaki, maji husimama kabisa; ndivyo ilivyokuwa kwa miezi sita kuanzia Oktoba 2024.

Katika mradi huu marejesho ya mikopo hayatoki kwenye bajeti ya serikali. Upande wa Afrika Kusini deni linashikwa na shirika la umma liitwalo TCTA, lililoundwa mwaka 1986, ambalo hulilipa kwa tozo inayowekwa kwenye kila meta ya ujazo ya maji inayochotwa kwenye mfumo wa Vaal. Rand Water huilipa tozo hiyo na kuiingiza kwenye bei ya jumla, na jiji huiingiza kwenye bei ya rejareja. Kwa mkopeshaji ni mpango mzuri sana, kwani watu hawawezi kuacha kunywa maji. Kwa mlaji, unafuu wowote uliopatikana mwanzoni umekwisha kuchanganywa na mikopo ya soko, gharama za ujenzi, mrabaha wa Lesotho na uendeshaji wa mabomba kabla ya kufika bombani kwake.

Mapema mwaka 1998, Benki ya Dunia ilipokuwa ikiandaa mkopo wa Bwawa la Mohale, wakazi wa kitongoji cha Alexandra jijini Johannesburg walipeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la benki hiyo. Hoja yao ilikuwa ya kihasibu kuliko ya kisiasa: mabomba ya vitongoji vya Waafrika, Soweto ikiwa mojawapo, yalikuwa yanavuja kwa kiasi kikubwa mno, na kuyaziba kungekuwa rahisi kuliko kuchimba bwawa jingine mapema, ambalo bei yake ingewaangukia wao. Jopo halikupendekeza uchunguzi, na mkopo wa dola milioni 45 ukaidhinishwa mwaka huohuo. Hoja ya Alexandra haikuwa na kosa kubwa. Wapangaji wa mikopo hupenda kujenga kuliko kukarabati, maana bwawa lina mkandarasi mmoja mkubwa, tarehe ya kuzinduliwa na picha ya kupiga, ilhali uvujaji wa maelfu ya viungo vya mabomba hauna hata kimoja.

Mkandarasi mkubwa ana hatari zake pia. Masupha Sole, mtendaji mkuu wa kwanza wa mamlaka ya mradi upande wa Lesotho, alitiwa hatiani mwaka 2002 kwa kupokea rushwa za kampuni za kigeni kupitia akaunti za Uswisi. Mahakama za Lesotho zilizitia hatiani pia Acres International ya Canada na Lahmeyer ya Ujerumani, na Benki ya Dunia ikazifungia kampuni hizo zabuni zake, ya kwanza mwaka 2004 kwa miaka mitatu, ya pili mwaka 2006 kwa miaka saba. Kesi hizo ziliiletea sifa nchi ndogo iliyothubutu kuwashitaki watoa rushwa na si wapokeaji peke yao. Bei ya maji, hata hivyo, haikushuka kwa sababu ya kesi hizo.

Tuje sasa mwisho wa bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kati ya robo na theluthi ya maji yote ambayo Johannesburg iliyanunua kwa Rand Water yalikuwa yakienda Soweto, na Soweto ilikuwa ikileta asilimia 1 tu ya mapato ya maji. Kila kiwanja kilitozwa kama kwamba kimetumia meta za ujazo 20 kwa mwezi, huku maji yaliyoingia yakikaribia 67. Sehemu kubwa ilipotelea ardhini kupitia mabomba ya zamani ya chuma yaliyoliwa na kutu, na vyoo vilivyovuja usiku na mchana. Wengi hawakulipa. Tabia hiyo ilitokana na mgomo wa kodi za nyumba wa miaka ya 1980, wakati kukataa kulipa kulikuwa silaha dhidi ya mabaraza ya ubaguzi.

Jibu la jiji liliitwa Operesheni Gcin'amanzi, na lilianzia Phiri. Mabomba yalibadilishwa na kila nyumba ikawekewa mita ya kulipia kabla, iliyofanya kazi kama LUKU, mita ya umeme ya Tanzania: meta za ujazo 6 za kwanza kila mwezi zilikuwa bure, na zikiisha bomba lilifunga mpaka salio linunuliwe. Kiasi hicho ni sawa na lita 25 kwa mtu kwa siku katika nyumba ya watu wanane. Viwanja vya Soweto, vyenye vibanda vya wapangaji nyuma ya nyumba, mara nyingi huwa na watu zaidi. Mmoja wa walalamikaji waliofika mahakamani aliishi katika kiwanja cha watu 20.

Wakazi watano wa Phiri walishitaki. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliamuru kila mtu apate lita 50 kwa siku na kuzitangaza mita hizo kuwa kinyume cha sheria. Mahakama ya Rufani ikapunguza hadi lita 42. Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Kate O'Regan, iliyafuta yote mawili na kusema kwamba sera ya jiji ilikuwa ya busara na kwamba si kazi ya mahakama kupanga idadi ya lita. Kesi haikuhusu mkopo wa Katse, na majaji hawakuwa na sababu ya kuutaja. Lakini bei ya jumla iliyolifanya jiji lihesabu kila tone la Phiri ilikuwa na tozo ya Katse ndani yake.

Upande wa umeme, Soweto ina kinaya chake. Kituo cha umeme cha Orlando, ambacho minara yake miwili iliyopakwa rangi hupigwa picha na kila mtalii, kilizalisha umeme ndani ya Soweto kwa zaidi ya nusu karne huku majirani zake wakiwasha mishumaa. Leo nyumba nyingi zimeunganishwa, na tatizo limekuwa malipo. Mwaka 2019 deni la wateja wa Soweto kwa Eskom lilikuwa limefikia randi bilioni 18 hivi, sehemu kubwa ikiwa ni riba iliyolundikana.

Aprili 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola bilioni 3.75 kwa Eskom, mkubwa kupita wowote iliowahi kuipa Afrika Kusini, sehemu kubwa ikiwa ya kituo cha makaa ya mawe cha Medupi. Marekani na Uingereza zilikuwa miongoni mwa nchi zilizojizuia kupiga kura kwa sababu ya moshi wa makaa. Masharti yalikuwa mazuri: miaka 28 na nusu, saba ya mwanzo ya kupumua, riba ya nusu asilimia juu ya kiwango cha London. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa imetangulia mwaka 2009 kwa euro bilioni 1.86. Hazina ya Afrika Kusini ikadhamini. Mkopaji, ili aonekane anaweza kulipa, alihitaji mapato makubwa zaidi, na mdhibiti wa nishati akaruhusu bei ipande kwa asilimia 24.8 mwaka 2010/11 na asilimia 25.8 mwaka uliofuata. Mkopo wa bei rahisi na umeme wa bei ghali vilifika pamoja, na hapakuwa na mgongano wowote kati yao, kwa kuwa cha kwanza kilisimama juu ya cha pili.

Medupi ilichelewa miaka mingi na kuvuka bajeti kwa kiasi kikubwa. Hitachi, iliyopewa kazi ya mitambo ya mvuke, ilikubali mwaka 2015 kulipa dola milioni 19 kumaliza mashitaka nchini Marekani kuhusu malipo yake kwa kampuni iliyohusishwa na chama tawala cha ANC. Agosti 2021, siku chache baada ya kituo kutangazwa kimekamilika, mtambo namba 4 ulilipuka. Juu ya hayo kuna sarafu. Mkopo uliposainiwa dola moja ilinunuliwa kwa chini ya randi 8; kufikia 2023 ilipita 18. Riba ya nusu asilimia juu ya kiwango cha London hubadilika sura deni linapohesabiwa kwa fedha ambayo wateja hawalipwi mishahara kwayo, na kinga dhidi ya hatari hiyo nayo hununuliwa.

Wimbi jipya ni la kuachana na makaa hayohayo. Novemba 2021, huko Glasgow, Ufaransa, Ujerumani, Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya ziliiahidi Afrika Kusini dola bilioni 8.5. Hesabu ilipofunguliwa mwaka uliofuata, ruzuku ilikuwa asilimia 4 hivi; mikopo nafuu ilikaribia theluthi mbili, na iliyobaki ilikuwa mikopo ya kibiashara na dhamana. Mikopo ya kwanza kusainiwa, ya Ufaransa na Ujerumani, euro milioni 300 kila moja kwa miaka 20, ilikuwa na riba ya karibu asilimia 3.6 na 3, wakati soko lingeitoza Pretoria asilimia 8.9. Unafuu huo ni wa kweli na si mdogo. Fedha hizo, hata hivyo, ziliingia Hazina kuziba bajeti ya jumla, na mkazi wa Meadowlands, Soweto, hawezi kuonyeshwa nguzo wala waya na kuambiwa umetokana nazo. Machi 2025 Marekani ilijitoa kabisa katika mpango huo.

Milimani Lesotho kazi inaendelea. Awamu ya pili, inayojenga Bwawa la Polihali na handaki la kilomita 38 la kuliunganisha na Katse, ilizinduliwa rasmi Mei 2023 na sasa inakadiriwa kupita randi bilioni 50. Benki Mpya ya Maendeleo ya nchi za BRICS, yenye makao Shanghai, imeikopesha TCTA randi bilioni 3.2, na Benki ya Maendeleo ya Afrika randi bilioni 1.3. Zote mbili zimetolewa kwa randi, jambo linaloondoa hatari ya sarafu. Sehemu kubwa ya fedha zilizobaki TCTA huitafuta katika soko la Afrika Kusini, ikitegemea tozo ileile ya maji ya Vaal. Johannesburg kwa upande wake bado hupoteza zaidi ya theluthi ya maji inayoyanunua, kwa kuvuja na kwa kutolipiwa, na tozo hutozwa kwenye yanayovuja sawa na yanayonywewa.